Mzee Lutengano, Dereva Aliyewapanga Wajumbe Foleni

Baada ya miaka thelathini na mmoja nyuma ya usukani, Mzee Lutengano Mwasomola anastaafu tarehe 14 Novemba 2025. Katika muda huo ofisi yetu ya biashara ya mipakani, hapa Mbeya, imebadilisha wakurugenzi saba. Dereva alikuwa yeye yule.

Alianza na Land Rover isiyo na kioo cha nyuma. Hajawahi kupata ajali, ukiacha mbuzi mmoja wa Igawa, ambaye Mzee anashikilia hadi leo kwamba ndiye aliyeligonga gari.

Atakumbukwa zaidi kwa siku moja ya mwaka 2019. Mbao za Mafinga zilikuwa zinakaguliwa mara tatu: kiwandani, upande wetu wa mpaka, kisha upande wa Zambia. Zikimfikia mteja, ameshanunua kwingine. Viwanda vidogo vilianza kupunguza watu. Wajumbe wa nchi mbili wakakutana Mbeya siku tatu, lakini Bi. Devota, aliyeongoza wajumbe wetu, na Bwana Edmund, aliyeongoza wa Zambia, hawakukubaliana muhuri wa nani uheshimiwe. Mkutano ukavunjika.

Gari la Bwana Edmund lilikuwa limeharibika, hivyo Mzee akaagizwa amrudishe, Bi. Devota akimsindikiza. Walipofika mpakani Tunduma, badala ya kupita pembeni kama magari ya serikali, Mzee akasimama nyuma ya lori la mwisho, akazima injini. Alipoambiwa apite, alisema kwa adabu kwamba macho yamechoka, njia ya pembeni haioni vizuri. Macho hayohayo asubuhi yalikuwa yamemwona trafiki aliyejibanza nyuma ya kibanda, mita mia mbili mbele.

Walikaa saa saba. Mbele yao dereva wa lori la mbao, Zabron, alikuwa anasonga ugali kando ya tela kwa siku ya nne tangu apakie Mafinga. Akawakaribisha. Bwana Edmund aliongezewa ugali mara mbili. Zabron, asiyejua anakula na nani, akauliza, "Hizi mbao zimeshakaguliwa Mafinga. Wanazikagua tena huku, wanataka kuona kama zimechipua?"

Bi. Devota aliniambia baadaye kwamba aliomba kalamu kwa Bwana Edmund kabla hajamaliza tonge.

Kabla hawajafika getini, wawili hao walikuwa wameandika nyuma ya ratiba ya mkutano: ukaguzi mmoja, Mafinga, wakaguzi wa nchi zote mbili wakiwa pamoja, muhuri mmoja. Kuichapa vizuri karatasi hiyo kulichukua miezi kumi na minne. Sasa mbao zinavuka siku hiyohiyo, na Joachim, mwenye kiwanda pale Mafinga, amewarudisha kazini watu wake wote tisa.

Mzee aliandikiwa barua ajieleze kwa nini alimchelewesha mgeni. Alijibu kwa mstari mmoja: "Nilikuta foleni, nikapanga." Jalada lake ninalitunza mimi, wakubwa hawakuwahi kuendeleza mjadala.

Mzee wetu, asante kwa kutufikisha, hata pale tulipokuwa hatujui tunakwenda wapi. Tunakuombea afya, migomba yenye mikungu minene, na siku ndefu za utulivu huko Rungwe. Mama Sabina, mkeo, ametuma ujumbe ofisini kwamba nyumbani nafasi ya dereva haipo. Iliyopo ni ya mshika jembe, na unaanza Jumatatu.

Benedicta, Masijala