Ukoka wa Mama Mkwe

Mnisamehe mapema, wakubwa kwa wadogo. Kisa hiki kilistahili msimuliaji mtulivu, anayeanza mwanzo na kumaliza mwisho. Kwa bahati mbaya yenu kimeangukia kwangu, na mimi nikifika penye kuchekesha hucheka kabla yenu. Tutavumiliana. Pale kona pana nyumba isiyo na uzio wala geti, na ukoka wake unaanzia kibarazani hadi ukingo wa barabara. Mwenye nyumba ni seremala; wamemwita Randa miaka mingi, mpaka mkewe naye humwita hivyo hivyo akikasirika. Juu ya ukoka huo pana benchi la mbao ngumu, kazi ya mikono yake mwenyewe, zito kiasi kwamba kulisogeza sharti wainame watu wanne na mmoja alalamikie mgongo. Jioni hukaliwa na wale wale: Kinyozi, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, Gia Tano, dereva wa basi aliyestaafu, ila mguu wake wa kulia bado unakanyaga mafuta akibishana, na Dada Birika, muuza kahawa, ambaye jiko lake la mkaa ndilo lililoigeuza kona hiyo kuwa kijiwe.

Jioni hiyo benchi lilikuwa katikati ya uwanja, na Randa alikuwa amepiga magoti karibu na kibaraza, pua nusura iguse ardhi.

— Kingine! alipaza sauti. Jamani, kipara kingine! Njooni muone!

Wakainuka mbio, vikombe mkononi.

— Toba! alisema Dada Birika. Si juzi tu hapa palikuwa kijani kama kasuku?

— Sasa ni vitatu, alisema Randa. Na mama mkwe anaingia leo.

Hapo ndipo palipokuwa na moto. Ukoka ule haukununuliwa. Mama mkwe aliung'oa kwake, shina kwa shina, akaufunga ndani ya gunia lililoloweshwa, akamkabidhi mkwe wake kwa sharti moja: usiutie dawa ya chupa hata tone, kwa sababu wajukuu zangu watatambaa humo, na mtoto anayetambaa hula kila anachokutana nacho. Randa akaapa. Na kweli kitindamimba wake alikuwa akitambaa humo kila asubuhi, akitafuna majani kama mbuzi mwenye leseni. Lakini mke wa Randa, ambaye ni nesi na hapendi kuzungushwa, alishatoa kauli: mama akifika akaukuta umekufa, namwaga simenti uwanja mzima. Mifuko ya simenti ilikuwa imeegemea ukuta wa nyumba tayari, inamtazama Randa kila anapotoka kwenda kazini.

— Tatizo lako unanyoa, alianza Kinyozi. Ukoka ni nywele, bwana. Ukiupiga mashine namba sifuri, jua linachoma kichwa.

— Niliacha kunyoa! Nakata ncha tu, nabakisha urefu wa vidole vitatu, na vipande naviacha palepale vioze viwe chakula chake. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha!

— Mimi? Basi nina akili. Maji je?

— Namwagilia alfajiri, polepole, mpaka yazame. Tena si kila siku, ili mizizi iyafuate chini.

— Magugu?

— Nang'oa kwa mkono. Tazama kucha.

— Mboji?

Randa akapunguza sauti.

— Niliichekecha kwa chekeche la unga la mke wangu, nikainyunyiza kote. Mpaka leo hajui.

— Sasa anajua, alisema Dada Birika. Dirisha liko wazi.

Mguu wa kulia wa Gia Tano ulikuwa umeanza kazi.

— Nyie mnapaka rangi bodi wakati injini imenoki, alisema. Udongo umeshikana! Haupati hewa! Chukua uma wa bustani, utoboe!

— Nimetoboa uwanja mzima, kaka. Isipokuwa tulipokaa tu. Ningewainuaje wageni?

— Hapo umefanya adabu, alikubali Gia Tano. Sasa nisikilizeni, maana nimeshaelewa mchezo wote. Kipara cha kwanza kilitokea wapi?

— Kule karibu na barabara.

— Tukafanyaje?

— Tukahama, alisema Kinyozi. Nani akae pabovu? Tukahamia kwenye bomba, penye kijani.

— Kikatokea cha pili wapi?

— Kwenye bomba!

— Tukahamia kibarazani, mpaka juzi tulipokuja hapa katikati. Na cha tatu ndio hiki, kibarazani! Gia Tano alikanyaga mafuta mpaka mwisho. Jamani, ugonjwa huu unatufuata!

Dada Birika alishika kifua. Kinyozi alitazama nyuma yake. Randa alihesabu kwa vidole, na hesabu ikakubali yote.

— Unatufuata sisi?

— Nyuma nyuma, kama trafiki aliyekariri namba ya gari.

— Lakini unajuaje tunakohamia?

— Unasikia! Si tunapanga kwa sauti? Sisi huku juu tunasema tuhamie pale, wenyewe huko chini umetega sikio.

— Basi tunong'one, alisema Randa.

Wakanong'ona. Watu wazima wanne wameinama juu ya nyasi, vichwa vimegusana.

— Mimi simo kwenye lawama, alinong'ona Dada Birika. Kila jioni nikisuuza birika, yale maji ya motomoto nayamimina hapo hapo miguuni petu, ili usipate baridi.

— Asante, dada yangu, alinong'ona Randa, machozi karibu. Wewe ndiye mtu.

— Na mimi nina dawa ya leo leo, alinong'ona Kinyozi, akachomoa kitana mfukoni. Wateja wangu wenye vipara nawafanyaje? Nachana za pembeni kuja katikati! Mama mkwe akipita kwa kasi, haoni kitu.

— Akisimama je?

— Asisimame! Gia Tano, kaa barabarani umharakishe.

Kinyozi akalala kifudifudi, akaanza kuchana ukoka, huku Randa akimlowanishia kwa mate ya vidole.

— Mmepoteza sindano?

Mama mkwe. Amesimama na mkoba wake kwapani, na Gia Tano nyuma yake amebeba sanduku, uso wa mtu ambaye breki zimegoma.

— Shikamoo, mama, alinong'ona Randa.

— Marahaba, mkwe wangu. Mbona unanong'ona?

— Ugonjwa usisikie.

Wakamweleza wote kwa pamoja: vidole vitatu, mboji, alfajiri, trafiki, kitana. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho bila kukatisha, akautazama uwanja kutoka kibarazani hadi barabarani, kisha akauliza kwa upole:

— Na pale ambapo hamjawahi kukaa, pana kipara?

Mguu wa Gia Tano ukaachia mafuta. Kinyozi alitazama kitana chake kama anakiona mara ya kwanza. Kushoto kijani. Kulia kijani. Mpaka kwenye lami, kijani tupu. Dada Birika aliinamisha birika aongeze kahawa apate la kufanya, likatoa tone moja, akalificha birika nyuma ya mgongo.

— Inueni hilo benchi, alisema mama mkwe.

Wakainama wanne, Gia Tano akalalamikia mgongo. Chini palikuwa pameshaanza kuwa njano kama mshumaa. Randa akapiga magoti tena, akafukua kwa kidole. Mzizi. Halafu, kando ya mzizi, kichipukizi cheupe, kidogo kama jino la mtoto.

— Uko hai! alipiga kelele, kunong'ona kumeisha. Mama, uko hai! Uko hai!

— Unataka jua na hewa tu, si benchi wala maji ya moto, alisema mama mkwe.

— Na simenti yangu je? ikatoka sauti ya nesi dirishani. Na chekeche langu?

— Simenti wamwage kijukwaa kidogo kule ukingoni, benchi likae hapo, lisihame tena. Hayo ya chekeche ni yenu wawili.

Kijiwe kikalipuka kwa shangwe. Randa peke yake akakunja uso ghafla, kidole juu.

— Ngojeni! Namtaka huyo seremala aliyetengeneza benchi zito namna hii mpaka likaziba pumzi ya ukoka wa watu!

— Ukimpata utamfanya nini? aliuliza Kinyozi.

— Apige magoti mbele ya mama mkwe, aombe radhi!

Akajitazama chini.

— Bahati nzuri nimemkuta ameshapiga.