Makala Iliyorudi Mara Tatu

Benchi la kahawa la Maman Véronique liko nyuma ya soko la Kamembe, na asubuhi hiyo lilikuwa na kazi nzito. Muderhwa, ambaye kwa miaka arobaini ameandikia gazeti lolote lililomtaka bila kuajiriwa na hata moja, na ambaye wenzake humwita Karatasi, alikuwa anatoa kitabu cha makala zake. Kilibaki kitu kimoja: jina la mtu wa kushukuriwa kwenye ukurasa wa kwanza. Mchapaji kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka, alilitaka kabla ya saa sita mchana.

— Weka mukubwa wa ile jarida ya Bukavu, alisema Kamali, aitwaye Duane, yaani forodha, kwa vile humhoji kila apitaye. Yeye njo alikufundisha kazi.

— Ni kweli, alisema Muderhwa. Makala yangu ya kwanza, ya balimaji ba viazi ba kule Nkungu, alinirudishia mara tatu. Ati haieleweki. Nilikuwa naandika maneno makubwa-makubwa.

Hakuwahi kumwona mhariri huyo, na mzee mwenyewe alikwisha fariki, lakini kila akimkumbuka moyo ulimjaa shukrani.

— Yule alikuwa anasoma amelala, alisema Harelimana, ambaye kwa kutonyamaza wamemwita Redio. Akisinzia, anarudisha.

— Hakuwa anasoma, alisema Duane. Alikuwa anapima bahasha na mukono. Ikiwa nzito, inarudi.

— Basi mi nilisikia anasomea mbuzi yake. Mbuzi ikiendelea kula, makala ni mubaya.

Nasiba, fundi cherehani aliyekaa hapo kwa mara ya kwanza, aliweka kikombe chini.

— Papa, huyo mukubwa alikuandikia barua?

— Hapana. Maman Véronique njo alikuwa ananivushia bahasha mu kikapo ya ndizi. Yeye njo alileta jibu.

— Sasa nani alisikia huyo mukubwa akikataa?

Véronique alikuwa anasuuza vikombe vilivyokwisha kuwa safi.

— Sikufika kwake, alisema. Sijue kusoma, na sipendi kuvusha kitu sijue ndani kuko nini. Nikaomba muntu atusomee pa foleni ya mupaka. Bamama bote bakapiga miayo. Nikasema, huyu Muderhwa, mutoto wa Bernadette, batamucheka. Nikakurudishia.

— Na mara ya pili? aliuliza Muderhwa.

— Babili balilala. Ya tatu, moja akasema hujue bei ya viazi.

— Na ya ine?

— Ya ine, foleni ya mbele ilisonga na kwetu hakuna muntu alisonga. Njo nikapeleka.

Muderhwa alitaka kukasirika, akaitafuta hasira asiione. Aliwaona wale wanawake na vikapu vyao, wakimsikiliza hadi akajua kuandika, na akashukuru kuliko alivyowahi kumshukuru yule mzee. Akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja.

— Soma, alisema Véronique.

— Kwa Véronique na bamama ba foleni, bale balinikataa mpaka nikaeleweka.

Véronique alifikiri kidogo, kisha akafungua aproni na kumpa Duane birika.

— Leta, alisema. Ile naweza kuvusha.