Tunaomba Kelele Zetu Zibaki Hapa

Risala ya viongozi wa Kikundi cha Muziki cha Pumzi Moja kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Mji

Mgeni rasmi, wazazi, majirani na nyote mliobanana kwenye mabenchi haya, amani ya Mungu iwe juu yenu.

KARIBU CHUMBANI KWETU

Mheshimiwa, tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama, nawe tunakushukuru kwa kukubali kukaa kwenye kiti kisicho na mkono mmoja. Ndicho kizima kuliko vyote. Chumba hiki kilikuwa cha kufulia nguo za hospitali iliyo nyuma ya ukuta. Madoa ya sabuni sakafuni ni ya enzi hizo. Tumeyasugua hadi tukakubali kuwa wao ndio wenyeji na sisi ndio wapangaji.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianzishwa na Fundi Bomba. Jina lake la kwenye kitambulisho analijua yeye na mkewe. Kazi yake ni mabomba ya maji, na tarumbeta alifundishwa na mjomba wake akiwa kijana. Watu wakimuuliza kazi hizo mbili zinakutana wapi, hujibu kuwa bomba na tarumbeta ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili huuawa na uchafu, na ukiyapuliza kwa hasira yanakurudishia usoni.

Hospitali ilipohamisha ufuaji, baraza likatuazima chumba. Fundi akaingia na matarumbeta yake, ngoma moja kubwa na watoto wa mtaa. Furaha ile ilidumu siku moja. Dirisha linalotazamana na letu ni la Nesi, anayefanya zamu ya usiku wodini na kulala mchana. Siku ya pili alilifungua, macho mekundu, akamwita Fundi kwa upole unaotisha kuliko matusi.

"Fundi, usiku kucha nauguza watu. Mchana mnaniua ninyi. Haki hiyo?"

Fundi akavua kofia. "Si haki, dada yangu. Nipe leo nifikirie."

"Fikiria. Ila ufikirie kimya kimya."

Mheshimiwa, Fundi ni mtu wa sala. Jioni ile alipiga magoti akaomba njia, na kila alipofumba macho, neno lililomjia lilikuwa lilelile la Nesi: kimya kimya. Akaanza kulikasirikia, kisha akalisikiliza. Kesho yake akawafundisha watoto kupiga bila kupiga. Vidole vinabonyeza, mashavu yanajaa, vijiti vinakomea unywele mmoja juu ya ngozi ya ngoma, na sauti haitoki. Kila mtoto anausikia wimbo kichwani mwake. Kisha akapatana na Nesi. Akilala, aning'inize taulo lake jekundu dirishani, akiamka, aliondoe. Taulo likiwepo, mikono ya Fundi inabaki chini ya kifua na sisi sote ni mabubu. Likiondoka, anaipandisha juu ya kichwa, na mabati yanajua tumekuja.

ALIYOTUJALIA MUNGU

Kimya kile kimewafunza watoto wetu kusubiriana. Mtu asiyesikia sauti ya mwenzake hulazimika kumtazama, na anayemtazama mwenzake hamwachi nyuma. Wale waliotangulia sasa ndio wanaowafundisha wadogo, na mama mmoja ametuambia kuwa mwanawe sasa huoga bila kuitwa, mradi aoge kwa mdundo.

Lakini si vyema tujisifu tukaficha aibu yetu. Mwaka jana tulialikwa kupiga kwenye mahafali ya shule ya jirani. Watoto walivaa mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanakata. Fundi akasimama mbele yao, akavuta pumzi, akainua macho. Juu ya jukwaa, kwenye ukingo wa dirisha, mpambaji alikuwa amening'iniza kitambaa chekundu.

Mikono yake ikashuka yenyewe chini ya kifua. Watoto, watiifu kama malaika, wakaupiga wimbo wote kwa vidole na mashavu. Mwalimu mkuu akamwinamia mtu wa vipaza sauti.

"Washa basi, tunaaibika."

"Mwalimu, vimewaka tangu asubuhi."

Bibi mmoja aliyeketi mbele akamgusa mjukuu wake. "Niambie ukweli, mjukuu wangu. Masikio yangu ndiyo yameniaga leo?"

Fundi hakujua kosa liko wapi. Kwake yeye kila kitu kilikuwa sawa, na ngoma ilikuwa imeingia mahali pake barabara. Ndipo mwanamke mmoja akasimama katikati ya ukumbi. Alikuwa Nesi, shangazi wa mmoja wa wahitimu.

"Fundi, mimi niko macho. Pigeni tu."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega, Fundi naye akacheka, na watoto walipopuliza, walipuliza kama watu waliofunguliwa kifungoni. Siku ile Nesi alitembea nasi hadi nyumbani, akibeba vijiti vya ngoma.

KINACHOTUSUMBUA

Mheshimiwa, sasa tunafika panapouma. Jioni ya siku ile ya kwanza kabisa, akielekea zamu, Nesi alipita kwenye ofisi ya baraza la mji akaacha lalamiko la kelele. Hatumlaumu, hata sisi tungelalamika. Baadaye alilisahau, lakini lalamiko halikujisahau. Lilihama meza hadi meza kwa mwendo wa konokono, na mwezi uliopita likazaa uamuzi: Pumzi Moja ihamie kwenye banda lililo ng'ambo ya barabara kuu.

Nesi alikwenda mwenyewe kulifuta. Karani alimpokea vizuri, akamwambia, "Dada, lalamiko si sufuria ya jirani, kwamba leo unaazima, kesho unarudisha."

"Lakini aliyelalamika ni mimi, na nimeacha."

"Wewe umeacha. Uamuzi haujaacha. Huo sasa anauweza mwenyekiti peke yake."

"Basi nitamwona mwenyekiti."

Mheshimiwa, ndiye yule kwenye benchi la pili, mwenye sare nyeupe. Ametoka zamu na hajalala. Amekuja kutetea kelele.

Banda tulilopewa ni zuri, na paa lake ni imara kuliko hili. Lakini malori hayaachi kupita kwenye barabara ile, na wazazi wametuambia wazi kuwa hawatawaruhusu watoto kuivuka. Sisi tungekuwa wazazi wao tungesema hivyohivyo. Tukihama, tutahamisha matarumbeta tu. Fundi hajalisema hilo kwa mdomo. Ila tangu habari ifike, kila jioni anang'arisha matarumbeta yaliyokwisha kung'aa, na utani wake wa mabomba hatujausikia tena.

OMBI LETU

Tulikuwa tumeandaa maombi mengine, ya ngoma ndogo na ya viti vyenye mikono yote. Fundi ameyafuta. Alisema anayeomba uhai haongezi na kofia. Kwa hiyo tunaomba moja: uuweke kando uamuzi ule, tubaki hapa, nasi tutaendelea kupatana na jirani yetu kama tulivyopatana.

Tunajua unaweza kuwa na sababu tusizozijua, na jibu linaweza kuwa hapana. Tumeliombea jibu lako, lolote liwalo. Watoto wako nje, wamejipanga uani, nao hawajaambiwa habari ya kuhama. Wanachojua ni kwamba amekuja mgeni kusikiliza muziki, na tangu asubuhi wanabishana utapenda wimbo upi. Tukimaliza kusoma watapiga. Jibu lako tupe sisi wakubwa baadaye. Kwa sasa, wakiingia, tunakuomba uwatazame kama mtu aliyekuja kwa ajili ya muziki tu.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, aibariki kazi ya mikono yako, na akupe moyo wa kusikia hata pasipo na sauti.

Ni sisi wako, viongozi wa
Kikundi cha Muziki cha Pumzi Moja.

Fundi, waite waingie.