Bastola ya Bi Opal Satterfield

Vuteni viti, wanangu watatu, maana sauti yangu haivuki tena ukingo wa kitanda hiki, na mashine hii ya hewa inakoroma kunishinda. Mimi, Delmar Amos Pruitt, fundi wa bastola katika mji huu wa jimbo la Arkansas kwa miaka hamsini na miwili, nasema nikiwa na akili zangu timamu, na asinikatize mtu. Clifton, zima simu. Darlene, acha kulia. Hukulia alipokufa mama yako, usianzie kwangu.

Nyumba ni ya Darlene. Gari na mbwa ni vya Clifton, ambaye hajawahi kutunza kitu chochote kinachopumua, basi na ajaribu. Karakana ndiyo mnayoingojea, hasa wewe, Wendell Ray, mzaliwa wangu wa kwanza, uliyesimama kando ya meza yangu ya kazi miaka thelathini ukisubiri nife. Sikiliza niliyokufundisha, uone kama unayakumbuka.

Kompensata, kile kipande chenye matundu tunachokifunga mdomoni mwa mtutu, hutupa gesi juu, nayo gesi ikipanda, mdomo wa bastola hushuka, na risasi ya pili hufuata ya kwanza palepale. Kwa hicho nilishinda mashindano ya jimbo mara nne, sitakitukana. Lakini kinaongeza urefu na kelele, kinamulika macho penye giza, na ukifyatua bastola ukiwa umeibana ubavuni, moto unakurukia usoni. Tena kinapunguza lile teke linalorudisha chuma cha juu nyuma ili kitupe ganda na kupakia risasi nyingine. Kwa hiyo kinataka risasi zenye nguvu, na ukiweka dhaifu bastola inakwama. Kuhusu kaliba, yaani unene wa risasi, wanaume wazima walikaribia kupigana kwenye kaunta yangu, huyu arobaini na tano, ile nene, yule milimita tisa, ile nyembamba, nami nikawaambia wanionyeshe mikono kwanza, kwa sababu kaliba inayokutisha hutaifanyia mazoezi, na usiyoifanyia mazoezi haitakuokoa. Na sheria ya nyumba hii ilikuwa moja: bastola haitoki kabla fundi hajaijaribu kwa risasi hamsini za aina ileile atakayotumia mteja, na karatasi ya shabaha, yenye matundu ya risasi hizo, akabidhiwe mteja mkononi.

Miaka miwili iliyopita alikuja Bi Opal Jean Satterfield, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Wewe, Wendell, ukamuuzia milimita tisa yenye kompensata, ukampa na risasi nyepesi. "Haitakuumiza, mama, utadhani unapiga picha." Ilikuwa Jumamosi, ulikuwa na haraka ya kwenda mashindanoni. Wiki tatu baadaye, mchana kweupe, mtu aliingia jikoni kwao na nondo. Bi Opal akafyatua, akakosa. Akafyatua tena, bastola ikawa imekwama, naye akaendelea kuvuta kifyatulio huku mumewe, Vernon, akipigwa mpaka akafa miguuni pake. Nawe ukaenda mazishini, mwanangu, ukala keki yao, ukamwambia, "Mama, ulishika kilegevu. Bastola haina kosa, mkono ndio uliolegea."

Usinitumbulie macho. Polisi walipomrudishia bastola aliniletea niivunje, pamoja na karatasi uliyompa. Niliipima na zile risasi zako nyepesi: ilikwama mara sita katika kumi. Niliipima na zenye nguvu: haikukwama hata mara moja. Kisha nikaitazama karatasi. Matundu yake yalikuwa ya arobaini na tano, Wendell. Hukuipima yake, ulimpa mama wa watu karatasi ya bastola nyingine, na hukuona haya hata ya kutafuta yenye matundu madogo. Mtu aliyekaa miaka thelathini na mimi!

Nami nikanyamaza. Jina lililo juu ya mlango ni langu, nikalipenda kuliko usingizi wa mjane. Kila Jumapili kanisani huvificha viganja vyake mkobani, nami huimba.

Sasa, karakana. Bi Opal ameketi chumba cha mbele, kwenye kiti cha wateja. Nilimwita tangu asubuhi. Nenda ukamwambie ukweli kwa kinywa chako, na karakana ni yako. Usipokwenda, Darlene aifunge, mashine zikauzwe chuma chakavu, na jina langu lifutwe kwa rangi. Nizikeni bila heshima za askari mstaafu, bila bendera, bila milio ya bunduki. Mungu awape maisha marefu, na awape kumbukumbu nzuri... nzuri kuliko mnavyotaka.

Nyanyuka, Wendell. Mlango wa mbele ni ule. Ule... huo ni wa nyuma.

Mwache, Clifton. Nimesema mwache. Miaka thelathini, na anaondoka bila hata kofia yake.

Darlene, mlete bibi hapa. Haraka, mwanangu, hewa hii... hainifikii. Sogeza kiti. Zaidi.

Bi Opal. Toa mikono mkobani. Hapana, usiniombee, nisikilize... Hukushika kilegevu. Ni sisi. Nimejua... nimejua miaka miwili.

Usiniachie mkono, mama. Nibane. Nibane mpaka niumie.