Fomu ya Hesabu za Jumamosi

Siku hiyo Mkasi alikuwa hakaliki. Benchi lipo palepale nje ya karakana yake ya masanduku ya bati, kahawa imemiminwa, lakini yeye anakaa, anainuka, anachomoa karatasi mfukoni, anairudisha. Ilikuwa fomu ya shule. Binti yake kachaguliwa darasa la ziada la hesabu, kila Jumamosi. Mzazi asaini, fomu ifike ofisini kabla ya saa kumi. Somo lenyewe: kalkulasi ya vigeu vingi. Mkasi kalisoma jina hilo mara saba na halikulainika. Kumuuliza binti aliona haya, ndipo akawauliza majirani zake wawili wa benchini, Mungu amsamehe.

— Usisaini! akasema Breki, dereva mstaafu asiyewahi kukubaliana na mtu. Hesabu ni kujumlisha na kutoa. Zilizobaki ni kumchosha mtoto.

— Acha ushamba wewe! Redio, kinyozi wa mlango wa pili, akaweka kikombe chini. Kigeu ni kitu kinachobadilika. Vikiwa vingi, vinabadilika vyote kwa mpigo, na mtoto avikamate.

— Avikamate ili iweje?

— Si ndiyo kalkulasi! Kuna kijana aliisoma. Mkewe akamuuliza, "Unanipenda?" Akajibu, "Inategemea vitu vinne."

— Umeona? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana wasomi wote wana vibiongo.

— Na akimaliza, Mkasi, akaongeza Redio, atakutazama tu, akutajie siku utakayougua.

— Na dawa? akauliza Breki.

— Dawa ni darasa jingine.

Mkasi hakucheka. Zamani binti alikuwa akiketi karakanani na daftari, kila swali anamletea baba. Siku hizi hamuulizi kitu. Akisaini, si ndiyo anampoteza moja kwa moja? Aliogopa, na kuogopa kwenyewe kukamtia aibu.

— Hamjambo, baba zangu?

Mwanamke mmoja, mgeni pale, akatua mabati mawili.

— Fundi, nitengenezee sanduku la mahindi. Mabati ni haya tu. Liwe refu, liwe pana, au liende juu? Lipi litachukua mahindi mengi zaidi?

— Refu, akasema Redio.

— Pana! akasema Breki.

— Likiwa refu, upana unapungua. Likiwa pana, kimo kinapungua. Ndiyo maana nauliza.

Wote wakamgeukia Mkasi. Miaka ishirini na miwili anakata kwa kipimo alichoachiwa na marehemu aliyemfunza kazi, na hajawahi kujua kama ndicho kipimo bora. Urefu, upana, kimo: ukigusa kimoja, vyote vinasogea. Akaitazama fomu, akayatazama mabati.

— Sijui, mama, akasema. Redio, hebu kalamu.

Akasaini juu ya goti.

— Mabati niachie. Nitamuuliza binti yangu.

— Kumbe binti naye ni fundi?

— Anaanza Jumamosi, akajibu Mkasi, akakimbilia shuleni na karakana kaiacha wazi.