Mzee Zakayo Dhadho na Mikindu Mitatu

Wazee wetu, wachungaji, ndugu na jamaa, nawasalimu. Mimi ni Elsie, mtoto wa pili wa marehemu, mwalimu pale Garsen. Kabla sijasoma, nawaomba mliosimama upande wa mto msogee huku kanisani. Sababu nitaisema.

Mzee Zakayo Dhadho Tuneya alizaliwa hapa Idsowe mwaka 1897, mtoto wa tatu wa Mzee Tuneya na Bibi Maria Hadulu. Bibi ndiye aliyelala katika kaburi lile la mwisho, lenye msalaba wa mbao. Marehemu alipokuwa na miaka saba alimwona dada yake akichukuliwa na maji alipokwenda kuteka, na tangu siku hiyo aliuogopa mto. Hakujifunza kuogelea maisha yake yote.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1908 hadi 1912, akajua kusoma, kuandika na hesabu. Alikuwa mfupi, na wenzake walimtania kwamba jina la Zakayo lilimfaa kuliko hata yule wa kwenye Biblia.

Tarehe 1 Machi 1927 mtu huyu mwoga wa maji aliajiriwa, wapi kama si kivukoni Garsen! Alivuta kamba ya pantoni kwa miaka ishirini na mitano. Kila asubuhi alijifunga kamba kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye nguzo ya pantoni. Abiria walicheka. Rafiki yake Jaldesa, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa akivusha ng'ombe, alimwambia, "Dhadho, wewe mtu kubwa, nafunga kamba kama ndama?" Naye akamjibu, "Ndama aliyefungwa, kesho yupo." Wote wawili walicheka, lakini kamba haikufunguliwa.

Siku moja alivuka msichana wa Kigiriama, Rahel Kadii binti Mwaringa. Huyu hakucheka. Aliinama akalikagua fundo, akasema halijakaza, akalifunga upya. Walioana tarehe 14 Aprili 1928.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 1952. Tulidhani atakaa barazani kama wastaafu wengine. Kumbe fundi mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kamera ya sanduku, yenye kupiga picha nane kwa mkanda mmoja. Basi ikawa safari. Alipanda malori ya kubeba ngozi hadi Bangale, akatembea kwa miguu hadi Kilelengwani. Hakupiga picha za watu. Alipiga mbuga, mawingu, njia, mashamba ya mpunga yaliyojaa maji. Jaldesa, aliyefuatana naye Bangale, aliitazama picha moja akashangaa. "Hapana mtu, hapana ng'ombe. Sasa hii picha ya nani?" Baba akasema, "Ya mahali. Watu wana wengi wa kuwapiga picha. Mahali pananingoja mimi."

Mikanda ilisafishwa Mombasa, na picha zilirudi kwa posta kupitia kwangu shuleni. Alizipanga mezani siku nzima, na Mama akamwita bwana harusi kwa jinsi alivyozitazama.

Picha moja aliipiga kila tarehe mosi Januari baada ya ibada, akisimama kwenye kizingiti cha kanisa hili, uso ukielekea mtoni. Mwaka 1953, nyuma ya makaburi ilisimama mikindu mitatu. Mwaka 1955 ilikuwa miwili. Mwaka 1956 ulibaki mmoja. Mazoea yana taabu: sisi tulipita hapa kila siku na hatukuona kitu. Baba aliona kwamba mto unakula ukingo, na usingizi ukamwisha. Alizipeleka picha kwa wazee, akaomba makaburi na nyumba zihamishiwe kilima cha mchanga kabla mto haujafika.

Aliyojibiwa mnayakumbuka. "Mto ulikuwa umetulia mpaka wewe ulipoanza kuupiga picha. Wewe ndiwe unayeuita." Watoto walifunikwa macho alipopita. Wazee wakakubali kukaa tena Februari 1957, wakamtaka alete picha ya mwaka huo, na kama mto umesogea, wahame.

Aya inayofuata haimo katika karatasi mliyogawiwa. Nimeiandika asubuhi ya leo.

Picha ya Januari 1957 ilifika. Niliifungua shuleni. Hapakuwa na mkindu hata mmoja, na ukingo ulikuwa hatua tisa kutoka msalaba wa Bibi. Niliogopa watu. Niliogopa mkimwona baba yangu na picha ile mtamchomea nyumba, mkisema amemaliza kuuita mto. Nikamwambia mkanda uliharibika Mombasa. Baraza likakaa, picha haikuletwa, na wazee wakasema, "Basi, mto umetulia." Hakuna aliyehama.

Marehemu hakungoja Januari nyingine. Jumamosi tarehe 9 Novemba, mvua zilipoanza, aliona ufa ardhini nyuma ya makaburi, akaenda kuupiga picha. Siku hiyo hakujifunga kamba. Ukingo ulivunjika akiwa juu yake. Jaldesa alikuwa akinywesha ng'ombe chini kidogo, akaingia majini akamtoa, ila kamera ilikwenda. Kifua kilijaa, homa ikapanda. Siku kumi na mbili Mama hakutoka kando ya kitanda. Siku ya mwisho marehemu aliniuliza, "Elsie, mwanangu, ile picha ya Januari iliharibika kweli?" Nikasema, "Ndiyo, Baba." Akafumba macho. Alifariki Alhamisi tarehe 21 Novemba 1957, saa kumi alasiri.

Ameacha mjane, Rahel Kadii, watoto watatu, Komora, Elsie na Kache, wajukuu watano, na rafiki yake Jaldesa, ambaye mkono wake ulioumia akimtoa majini bado umefungwa kitambaa.

Picha yenyewe ni hii. Ipitisheni kwa mikono, kila mtu aione. Kisha tazameni kaburi tulilomchimbia kando ya mama yake, kama ilivyo desturi yetu. Jana vijana walikuta maji kabla shimo halijawafika kiunoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu hauzibiki, na leo asubuhi nimeupima: uko hatua nne kutoka mlipokuwa mmesimama. Naogopa, jamani. Namwogopa Baba zaidi, kwa kuwa nilimdanganya mara mbili na sitaki iwe ya tatu.

Vijana mlioshika kamba, msimshushe. Kilima cha mchanga ni mwendo wa nusu saa, na Mama ameshatangulia na jembe. Mzee Zakayo Dhadho Tuneya apumzike kwa amani, lakini si hapa.