Satkin Aliyenunuliwa Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni kwenye kipindi chetu. Mimina chai, vuta mto, kaa. Leo tunamkumbuka Satkin, mtengeneza mazulia wa kijiji cha Kok-Bulun, aliyetutoka wiki iliyopita. Satkin mwenye kicheko. Nani katika bonde hili hakuwahi kukisikia? Akianza kucheka huku, farasi wa jirani wanainua vichwa kule.

Satkin alilelewa na Mama Zuura. Lishikeni hilo: alilelewa na Zuura. Mama huyu alikuwa amezika watoto kabla yake, kwa hiyo safari hii hakutaka mchezo. Akambeba mtoto wake mchanga hadi kwa Bibi Salamat, ambaye watoto wake wote walikuwa hai na mashavu yao mekundu. Mnajua tunavyofanya. Mtoto anavuliwa nguo zake, anavishwa shati la viraka vilivyoombwa nyumba hadi nyumba, anashinda pale kama mtoto wa bibi. Jioni mama anakuja dirishani. Anageuza mgongo, anatoa pumba kidogo au kipande cha mkate, anamnunua kama mtoto wa watu baki. Uso wa mtoto hautazami mpaka afike kwake. Mauti yakija kuulizia, yaambiwe wa Zuura hayupo, huyu ni wa kununua tu.

Sasa basi. Siku hiyohiyo, mama mwingine kutoka ng'ambo ya mlima, jina lake Kalipa, naye aliyekwisha kuzika, alimleta binti yake kwa bibi yuleyule. Watoto wawili wa kike, mashati mawili ya viraka, na mama wawili waliogeuza mgongo. Bibi Salamat alitaka kuyahadaa mauti, akawahadaa na wenye watoto. Naye, Mungu amrehemu, hakujua kamwe. Zuura akarudi na binti wa Kalipa, akamwita Satkin. Kalipa akarudi na binti wa Zuura, akamwita Toktokan.

Najua mnachouliza. Mama gani hamjui mwanawe? Nilimuuliza Zuura mwenyewe. Akanikata jicho. "Nilimwona amebadilika kidogo. Nikafurahi! Si ndicho tulichokwenda kutafuta, asitambulike?"

Miaka ikapita. Satkin akaolewa, akazaa, mazulia yake yakatandikwa hadi mji mkuu. Siku moja akaitwa ng'ambo ya mlima kukaanga maandazi ya harusi. Mtu kamtania, yeye akaangua kicheko chake mbele ya karai la mafuta. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na birika la chai akaliangusha.

"We binti," akasema, "hebu cheka tena."

"Mzee, hata chai hujanipa, nicheke bure?"

Mzee hakucheka. Huyo alikuwa Jumabek, mume wa Kalipa. Alikuwa amesikia kicheko cha dada yake, aliyekufa zamani, kikitoka kwenye kinywa cha mgeni. Na kinywa chenyewe kilikuwa cha dada yake. Akamuuliza kazaliwa wapi, mwaka gani.

"Mimi wa dirishani, baba. Nilinunuliwa kwa Bibi Salamat."

Mzee akakaa juu ya kuni. "Hata wangu," akasema. "Mwaka huohuo."

Wakapimwa damu mjini Bishkek, yeye, Jumabek na Kalipa. Jibu likaja wazi: Satkin ni binti wa Jumabek na Kalipa.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo shida ya Satkin ilipoanza. Kupata wazazi hakukumtisha. Aliogopa kumpoteza mama. Atamwambiaje Zuura, ambaye hakuwa na mtoto mwingine duniani? Akanyamaza majira yote ya baridi. Kila akienda kwa Kalipa, anaaga kwamba anakwenda kutibiwa meno.

"Meno gani hayo?" Zuura akamuuliza. Walikuwa wakipiga sufu kwa fimbo, tayari kwa zulia. "Farasi mwenyewe hana meno ya kutibiwa hivyo."

Satkin akasema yote. Zuura akaendelea kupiga sufu, tena kwa nguvu. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo niliyemzaa yupo? Anakula vizuri?"

"Mnene kuliko mimi, Mama."

"Na wewe unaondoka lini?"

"Siondoki."

"Sema tena."

"Siondoki, Mama. Niende wapi?"

Zuura akatupa fimbo, akamkumbatia, wakalia wamejaa sufu hadi kwenye nyusi.

Wiki hiyo Kalipa akaja na Toktokan. Zuura alimshika Toktokan mikono, akaigeuzageuza. Kisha akamgeukia Kalipa, mkali kama kawaida yake.

"Wangu sikurudishii. Nilimnunua mbele ya watu."

"Nani kasema unirudishie? Ulimnunua kwa kitu gani?"

"Pumba."

"Mimi wako nilimnunua kwa mkate mzima. Nilipunjwa!"

Satkin akaangua kicheko, na nyumba nzima ikamfuata. Tangu siku ile zikawa nyumba mbili na mabinti wawili, na kila sikukuu ugomvi wa nani anakula wapi. Jumabek na Kalipa wakatangulia mbele ya haki wakiwa na mabinti wawili. Satkin aliniambia mwaka jana, "Nilidhani nikisema nitapungukiwa. Nikazidishiwa hadi nikachoka kupika."

Akafariki ghafla, moyo. Zuura, mkongwe sasa, akabaki kumzika aliyemlea. Toktokan ndiye aliyemwosha Satkin. Matanga yalipokwisha, watu wakafungasha. Toktokan hakufungasha. Aliagiza godoro lake liletwe.

Jana nilikwenda kutoa pole za kipindi hiki kwa Mama Zuura, kwa mume wa Satkin na wanawe, na kwa jamaa wote wa ng'ambo. Nanyi popote mlipo, mwombeeni Satkin. Kisha mtafakari: kuna neno gani mnamficha mama, kwa kudhani hataliweza?

Nilipokuwa nimekaa pale, Zuura aliita kuelekea jikoni, bila kufikiri, "Satkin! Mletee mgeni chai!"

Nikainamisha kichwa. Sikujua nitazame wapi.

"Naam, Mama," Toktokan akaitika, akaja na chai.